Sura za mafarao: zirudishiwe sanda au tuendelee kuzitazama?

Wakuu, mnakumbuka zile maiti 22 za wafalme na malkia wa Misri zilizohamishwa kwa msafara wa usiku, tarehe 3 Aprili 2021, kutoka makumbusho ya Tahrir hadi makumbusho ya Fustat, zote za Cairo? Kuna jamaa kaniambia hakuna ubaya kuzitazama, kwani Wamisri wa kale "waliabudu kifo", ushahidi wake ni mungu wao Anubis mwenye kichwa cha mbweha.

Napinga. Anubis hakuwa mtoa roho. Alikuwa mlinzi wa makaburi na bwana wa waosha maiti. Mbweha walizurura pembeni mwa jangwa wakifukua miili; inaelekea Wamisri waliamua mfukuaji ndiye awe askari. Weusi wake si wa mbweha, ni wa mwili uliotoka kwenye magadi ya kukaushia maiti na kupakwa utomvu, tena ni rangi ya udongo wenye rutuba wa Nile. Kwenye kaburi la Tutankhamun alikutwa kalala juu ya sanduku lililopakwa dhahabu, mlangoni pa chumba cha hazina, kavishwa shuka la kitani. Mungu mwenyewe kafunikwa! Maiti iliandaliwa siku 70 ili ifungwe na ifungiwe. Sisi tumeifungua.

Mchangiaji: Mkuu, makuhani wenyewe walizitoa makaburini miaka kama 3000 iliyopita, wakazirundika baadhi kwenye pango la siri huko Deir el-Bahari, karibu na Luxor, kukwepa wezi. Na Mmisri alitaka jina lake litajwe daima. Leo nani hamjui Ramses?

Mleta mada: Hoja ya jina naikubali, imenibana. Lakini makuhani wale walizifunga upya na kuandika majina juu ya sanda. Ramses wa Pili alifunuliwa Juni 1886 na Maspero, Mfaransa mtaalamu wa mambo ya kale, huku Khedive Tawfik, mtawala wa Misri, akiangalia. Hiyo siyo kazi moja. Hata rais Sadat aliona haya, akafunga chumba cha maiti kwenye makumbusho ya Tahrir mwaka 1980. Kikafunguliwa tena 1994.

Mchangiaji: Sasa sayansi ifanyeje kazi?

Mleta mada: Farao Amenhotep wa Kwanza hajafunguliwa tangu makuhani wamfunge. Kinyago chake kipo, mashada ya maua yapo. Matokeo ya skani yaliyotoka 2021 yameonesha alikufa akiwa na miaka kama 35 na meno mazuri, bila uzi kukatwa. Ramses naye kitambaa usoni kingempunguzia mtazamaji nini?