Twin Peaks na mama: nianze na filamu au na msimu wa kwanza?

Kaka_Kawempe

Wadau, salamu. Naomba ushauri wa watu walioimaliza Twin Peaks yote, ile tamthilia ya Marekani ya mji mdogo na mauaji ya msichana Laura Palmer. Mimi nimeitazama mara mbili, peke yangu, usiku, kwenye simu. Sasa nataka kuitazama na mama. Amehamia kwangu hapa Kawempe tangu mwezi wa pili. Macho yake mazima, masikio mazima, ila Kiingereza anakipata kidogo tu, kwa hiyo nitakaa pembeni nikimtafsiria.

Naona njia nne. Ya kwanza ni kufuata jinsi ilivyotoka: msimu wa kwanza wa 1990, wa pili ulioisha Juni 1991, filamu ya Fire Walk with Me ya 1992, halafu The Return, msimu wa tatu wa 2017. Ya pili ni kuanza na filamu, maana inasimulia siku saba za mwisho za Laura Palmer. Ya tatu ni kufuata mtiririko lakini kuruka vipindi vya katikati ya msimu wa pili, vile ambavyo kila mtu anavilalamikia. Ya nne, kijana wa duka la filamu amenijazia kwenye flashi "toleo la Ulaya" la kipindi cha kwanza, anasema linajitosheleza kama sinema moja.

Muuaji msimtaje tafadhali. Humu kuna ambao hawajafika.

Mwalimu_Mbale

Ndugu, shikamoo zangu mfikishie mama.

Nianze na hilo faili la Ulaya, maana ndilo litakaloharibu mambo. David Lynch na Mark Frost walipotengeneza kipindi cha kwanza, walitakiwa watengeneze pia mwisho uliofungwa ili kiuzwe ng'ambo kama sinema kamili. Ndizo hizo dakika kama 20 za ziada. Fumbo linafungwa haraka haraka, kisha ghafla tunarushwa miaka 25 mbele, kwenye chumba cha pazia jekundu. Lynch alikipenda sana kile chumba, akakichukua na kukifanya ndoto ya Cooper, yule mpelelezi wa FBI, kwenye kipindi cha tatu. Mama akikiona mapema, ile ndoto haitakuwa na nguvu tena, na pia atakuwa amepewa jibu ambalo tamthilia yenyewe hailifuati. Lifute kabisa kwenye flashi, usije ukalibonyeza kwa bahati mbaya.

Halafu hesabu mafaili. Msimu wa kwanza una vipindi 8. Ukikuta 7, jua kile cha kwanza, kirefu cha zaidi ya saa moja na nusu, hakimo. Si jambo geni: hata DVD zilizotoka Marekani mwaka 2001 zilikuwa hazina hicho. Nimewahi kumkuta mtu aliyetazama msimu mzima bila kuona maiti inavyopatikana, analalamika kwamba hadithi haina kichwa. Msimu wa pili una 22.

Ushauri wangu ni njia ya kwanza, bila kuchepuka. Kile kipindi cha kwanza ni msiba, na mama yeyote wa kwetu anaujua msiba. Mtazame mama wa Laura akipiga simu asubuhi, nyumba kwa nyumba, kumtafuta binti. Anampata baba hotelini. Wakiwa bado wanaongea, gari la sherifu linafika kule. Baba anaona, anaelewa, mkono wa simu unamwanguka. Kamera inashuka polepole ikifuata waya hadi kwenye kile kipande kinachoning'inia, na kilio cha mama kinatokea mle. Hapo usitafsiri chochote. Nyamaza tu.

Dada_wa_Jinja

Mwalimu nakuheshimu, ila mimi nilianza na filamu na sijuti hata kidogo.

Kwenye tamthilia Laura ni picha ndani ya fremu. Wanaume wa mji ule kila mmoja ana Laura wake: wa kugawa chakula kwa wazee, wa usiku, wa darasani. Yeye mwenyewe hana nafasi ya kusema ila kwenye kanda alizorekodi. Sheryl Lee alichukuliwa mwanzoni awe maiti tu, amefungwa kwenye plastiki ufukweni. Ni kwenye filamu ndipo anapopata kuishi. Anaogopa, anacheka, anamfukuza rafiki yake ili kumnusuru. Mwaka 1992 watazamaji wengi waliikataa filamu ile kwa sababu walitaka pai na kahawa na vichekesho vya mjini. Wakapewa msichana anayeumia nyumbani kwao. Mimi nilipokuja kwenye msimu wa kwanza baadaye, kila aliyesema "Laura alikuwa hivi" nilikuwa najua anakosea wapi. Nililia sana kwenye kipindi ambacho wengine wanasema wanashangaa tu.

Kwa hiyo kwa mtu anayetazama peke yake, filamu kwanza ni njia halali, hata kama inamfichulia muuaji.

Lakini kwa mama, hapana. Misimu miwili ya kwanza ilirushwa ABC, kituo cha wazi, haina uchi. Filamu inao, na The Return pia. Hutataka kukaa kochi moja na mzazi wako wakati wa ile klabu ya mpakani. Na mambo ya unyanyasaji mle ndani ni mazito. Mwandae kwanza, au hiyo filamu mwache.

Kaka_Kawempe

Dada, ahsante sana. Hilo la uchi sikuwa nimelifikiria kabisa na ndilo lingenitoa sebuleni.

Boda_Ntinda

Njia ya tatu. Ruka. Kuna yule kijana wa pikipiki anaondoka mjini kwenda kwa mwanamke tajiri, vipindi vinne au vitano vya bure. Mama atalala.

Arua_Kwetu

Ndugu yangu wa Ntinda, hapo utamkosesha mama kitu kikubwa.

Ni kweli, muuaji alipofichuliwa kwenye kipindi cha 7 cha msimu wa pili, Novemba 1990, tamthilia iliyumba. Kituo kilishinikiza jibu litolewe, na Lynch hakutaka litolewe mapema vile. Baada ya kesi kufungwa waandishi wakawa wanatafuta la kufanya. Kijana wa pikipiki anachosha, nakubali. Yule mama wa pazia anayerudi shule ya sekondari akiwa na nguvu za ajabu pia anachosha.

Ila tazama mwisho wa kipindi cha 10. Meja Briggs na Cooper wako msituni usiku, moto unawaka, wanaongea taratibu kama watu wazima wanavyoongea wakiota moto. Cooper anasogea kando kidogo kujisaidia. Bundi. Mwanga mkali. Anaporudi Meja hayupo. Ukiruka hapo, Meja anapotokea tena ana alama shingoni na wewe hujui imetoka wapi, na The Return nzima utakuwa unaitazama kwa jicho moja. Aliyemwigiza, Don S. Davis, alifariki 2008, na bado mwaka 2017 hadithi inamzunguka yeye.

Na kuhusu bundi. Wazungu waliandika kurasa nyingi wakijiuliza bundi wana maana gani mle. Bibi yangu hapa Arua hakuhitaji hata ukurasa mmoja. Kwetu bundi akitua juu ya paa na kulia, watu wazima wanaamka, mtu anatoka nje na kumfukuza, na asubuhi mnapigiana simu kuulizana kama wote wazima. Yule jitu la chumbani hotelini alipomwambia Cooper kwamba bundi sivyo wanavyoonekana, bibi aliitikia "eee" kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua toka zamani. Namwamini kuliko wachambuzi wote niliowasoma. Mama yako pia atakuwa na yake ya kusema kuhusu pepo anayeingia ndani ya mtu na kumtumia. Msikilize, usimkatize na nadharia.

Kwa hiyo: usiruke. Ukichoka, gawanya. Kipindi kimoja kwa usiku.

Fundi_Spika_Kisenyi

Mimi naongelea sauti tu, kwa sababu watu wanaitazama hii kwa spika ya simu na kusema haitishi.

Tafuta spika yenye besi, hata ya kuazima. Muziki wa Angelo Badalamenti umejengwa chini kabisa, polepole, na juu yake kuna ngurumo ya upepo na mashine ambayo simu haiwezi kuitoa. Ukiikosa hiyo umekosa nusu. Kwenye The Return, sehemu ya 8, ile ya bomu la kwanza la nyuklia lililojaribiwa New Mexico tarehe 16 Julai 1945, wamepiga muziki wa Penderecki alioutunga kwa wahanga wa Hiroshima, na kamera inaingia ndani ya moto dakika baada ya dakika. Hapo zima taa zote.

Kaka, na kuhusu kutafsiri: usifanye kama VJ wa kibanda, yule anayetafsiri filamu papo hapo. Nawapenda sana VJ wetu, wamenilea, lakini kazi yao ni kujaza kila sekunde kwa maneno, na tamthilia hii inaishi kwenye ukimya. Chumba chekundu ndicho kabisa. Waigizaji walijifunza maneno yao kinyumenyume, wakayasema hivyo, kisha kanda ikageuzwa. Mama asikie ile sauti kwanza, halafu umwambie maana.

Boda_Ntinda

Arua, umenishinda. Nimerudi jana usiku kukitazama kipindi cha 10. Sikuwa nimekiona kabisa, nilikuwa nimekiruka mwaka ule. Ule moto wa msituni.

Kaka_Kawempe

Nimerudi na habari.

Tulianza Jumamosi, njia ya kwanza kama mlivyosema, spika ya kuazima kwa jirani. Umeme ulikatika wakati ule wimbo wa mwanzo unaonyesha maporomoko, tukangoja saa nzima gizani, mama akiniuliza kama ni Sipi ile. Nikamwambia ni Snoqualmie, jimbo la Washington, Marekani. Akasema maji ni yale yale.

Kwenye ile sehemu ya simu nilinyamaza. Mama aliweka kitambaa mdomoni. Kwenye darasa, ile sehemu ya kiti kitupu, polisi anapochungulia mlangoni na Donna, rafiki wa Laura, anaelewa kabla hajaambiwa, mama alitaja jina la dada yangu aliyetutoka nikiwa darasa la sita. Sikuwa nimelisikia jina hilo mdomoni mwake miaka mingi.

Kilichonishangaza ni mwisho. Mimi nilikuwa nangoja aulize nani kaua. Hakuuliza. Mama Palmer amelala kwenye kochi peke yake, usiku, mji mzima unahangaika kutafuta muuaji. Mama akaniuliza: "Nani analala na huyu mama? Majirani wako wapi? Mbona hakuna hata mwanamke mmoja aliyeleta mkeka?"

Nimetazama mara mbili na sijawahi kuliona hilo.

Mwalimu_Mbale

Ndugu, nimesoma hiyo mara tatu.

Nimerudi kwenye The Return, sehemu ya 2. Miaka zaidi ya 25 imepita. Sarah Palmer yuko kwenye nyumba ile ile, kochi, chupa mezani, sigara, peke yake gizani, anatazama simba wakimrarua nyati kwenye runinga. Sote tuliijadili ile picha kama fumbo la pepo na alama.

Dada_wa_Jinja

Nafuta nusu ya nilichosema. Filamu mpe mama, kwa wakati wake, mkishamaliza msimu wa pili. Mweleze mapema kuna nini ndani, na kwenye ile klabu mbele faili. The Return usimnyime. Akifika sehemu ya 2 tuambie amesema nini.