Tukisema "watozeni matajiri", tunamaanisha ushuru upi? PAYE ya juu, faida ya mauzo, ardhi au utajiri wote?

mwanahesabu_thika
Wenzangu, kila mwaka Mswada wa Fedha ukishafika bungeni mwisho wa Aprili tunaitwa kutoa maoni, na kila mwaka tunaandika mstari uleule: watozeni matajiri, mwacheni mama mboga. Safari hii chama chetu kimenipa kalamu mimi. Nimekaa nayo jioni mbili nikagundua sijui tunamaanisha nini. Tajiri ni nani hasa? Mwenye mshahara mnono? Mwenye majengo? Aliyeuza shamba juzi? Aliyerithi?

Naona njia nne zinazotajwa. Kuna kupandisha PAYE, ule ushuru unaokatwa kwenye mshahara, kwa wenye mishahara mikubwa, kama ilivyofanyika Julai 2023: mapato yanayopita 500,000 kwa mwezi yakawekewa 32.5%, yanayopita 800,000 yakawekewa 35%. Kuna kutoza faida mtu anapouza mali, na hiyo ilitoka 5% ikawa 15% Januari 2023. Kuna kutoza ardhi kila mwaka, mwenyewe auze asiuze. Halafu kuna ushuru wa utajiri wenyewe: unajumlisha kila alicho nacho mtu, unatoa madeni yake, unachukua asilimia ndogo kila mwaka.

Nina kurasa mbili tu. Nipiganie upi? Siasa nimezisikia, nipeni hesabu.

karani_mishahara
Mimi ndiye hutengeneza mishahara mahali penye wafanyakazi kama mia mbili, kwa hiyo wacha nianze na hiyo ya kwanza. 35% inatisha ukiisikia redioni. Sasa ichukue kwenye kikokotoo. Mtu ambaye mapato yake ya kutozwa ushuru ni milioni moja kwa mwezi: 2.5% ya ziada juu ya 300,000 ni 7,500, na 5% ya ziada juu ya 200,000 ni 10,000. Jumla 17,500 zaidi ya alivyokuwa akilipa. Kwetu watu wa kiwango hicho ni watatu. Zidisha mwenyewe uone kama inajenga hata choo cha shule.

Na kitu kingine. Hao watatu wana mikopo ya nyumba kama mimi, tofauti ni ukubwa wa nyumba. Mwenye kampuni hayumo kabisa kwenye orodha yangu. Yeye hupokea gawio, yaani mgao wa faida ya kampuni, na gawio la mkaazi wa Kenya hukatwa 5%, basi, mambo yamekwisha.

wakili_nusu
Karani, sema yote. Kabla ya hilo gawio kampuni ishalipa 30% ya faida yake. Usimfanye mtu aonekane analipa 5% peke yake.

karani_mishahara
Nimekubali, wakili. Lakini hiyo ni kampuni inayoonyesha faida. Ziko zinazopata hasara miaka kumi mfululizo na bosi anabadilisha gari kila mwaka wa pili.

chumvi_ya_malindi
Acheni gawio, angalieni kodi za nyumba wanazolipa wapangaji. Hapa ndipo mimi hukasirika. Weka watu wawili, kila mmoja anaingiza milioni moja kwa mwezi. Wa kwanza ameajiriwa: akishakatwa NSSF ya pensheni, SHIF ya matibabu na ile tozo ya nyumba, PAYE yake inabaki takriban 293,000. Wa pili ana ploti tatu za wapangaji. Kwa mwaka anapata milioni 12, yaani hajafika milioni 15, kwa hiyo anaingia kwenye ule mpango wa kodi za makazi. Huo ulikuwa 10% na tangu Januari 2024 ukashushwa hadi 7.5%. Analipa 75,000 kwa mwezi.

Huyu 293,000, huyu 75,000. Najua mtasema mwenye nyumba hutozwa kwa kodi yote bila kutoa rangi, mabomba na riba ya benki. Sawa. Mfanyakazi naye hatoi nauli wala karo.

dereva_wa_matatu
Na wengi wao hizo 75,000 zenyewe hawalipi. Mwenye nyumba wangu hutaka pesa taslimu, tarehe tano, bila risiti. Nikimwomba risiti ananiuliza kama nimepata nyumba pengine.

Mnakumbuka ushuru wa magari kwenye Mswada wa 2024? Ulikuwa 2.5% ya thamani ya gari kila mwaka, usipungue 5,000, usizidi 100,000. Gari langu la 300,000 lingelipa 7,500. Gari la milioni 4 lingelipa 100,000. Gari la milioni 24? 100,000 pia! Yaani mimi 2.5%, yeye haifiki hata nusu asilimia. Nilisoma ile sehemu ya "usizidi" mara tatu nikajua aliyeiandika anaendesha gani. Waliuondoa wiki moja kabla ya yale maandamano ya Juni 25, halafu mswada wote ukakataliwa sahihi kesho yake. Lakini somo nililipata: usiangalie asilimia, angalia dari limewekwa wapi.

wakili_nusu
Hilo la dari mwanahesabu aliandike kama lilivyo.

Kuhusu faida ya mauzo, hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mtu amenunua kiwanja kwa milioni 2, anakiuza kwa 10. Faida milioni 8. Zamani angelipa 400,000, sasa 1,200,000. Kwa karatasi ni jambo jema, kwa sababu hata 15% ni nusu tu ya anachokatwa mwalimu kwenye shilingi zake za juu. Ofisini hali ni nyingine. Tangu kiwango kipande, mteja wa kwanza anauliza bei, wa pili anauliza "tutaandika ngapi?" Na anayenunua naye hakatai, kwa kuwa ushuru wa stempu mjini ni 4% ya thamani na unamhusu yeye. Wote wawili wana sababu ya kuifanya bei iwe ndogo. Mthamini wa serikali ndiye anayebaki kuwazuia.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba ushuru huu unamngoja mtu auze, na tajiri wa kweli hauzi. Anachukua hati anaiweka benki, anakopa, anajenga, maisha yanaendelea. Akifa, watoto wanahamishiwa mali na uhamisho huo hautozwi. Kenya ilikuwa na ushuru wa mirathi, ukafutwa 1982. Ule wa faida ya mauzo nao uliwekwa kando 1985 ukarudi 2015. Miaka thelathini ya bei za ardhi kupaa, na Hazina haikugusa chochote. Watu waliotajirika kwa viwanja Nairobi walitajirika ndani ya dirisha hilo.

mthamini_mstaafu
Wakili amenipisha mlangoni, niingie.

Nimepima ardhi miaka ishirini na sita. Nawapa picha moja. Barabara fulani Nairobi, upande wa kushoto kuna kiwanja kimezungushiwa ua wa kayaba, ndani nyasi na mbuzi wa mlinzi. Mzee alikinunua, mwanawe anakingojea kipande bei. Upande wa kulia kuna mama wa chapati na mwavuli wake. Mama analipa tikiti ya kaunti kila asubuhi. Kile kiwanja, kwa miaka mingi, kilitozwa kwa daftari la uthamini lenye thamani za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiwango kilikuwa kimepandishwa hadi 34%, watu wakalia kwamba ni kikubwa mno, kumbe ni 34% ya thamani ya wakati ambapo soda ilikuwa ya sarafu. Daftari jipya lilipokuja, kiwango kikawekwa 0.115% ya thamani ya ardhi.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Kiwanja cha milioni 100, 0.115% ni 115,000 kwa mwaka. Mwalimu wa mshahara wa 60,000: toa makato, tumia viwango vya sasa na nafuu ya 2,400, PAYE yake ni kama 8,500 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 102,000 na kitu. Mwenye milioni 100 za nyasi na mwalimu wa 60,000 wanakaribiana! Na mwalimu hakuulizwa, pesa zilikatwa kabla hajaziona.

Mimi nasema ardhi. Huwezi kuihamishia Dubai, huwezi kuiandika kwa jina la shemeji ikaondoka mahali ilipo, ramani iko, namba ya kiwanja iko. Na ukiitoza vizuri, yule wa kayaba atajenga au atauza.

nyawira_wa_ngong
Mzee, heshima kwako, lakini mama yangu anakaa kwenye shamba aliloachiwa na baba. Mji umemfuata, yeye hakuufuata. Kwenye karatasi ni tajiri wa mamilioni, mfukoni ana pensheni na kuku. Mkimtoza 1% mnamfukuza.

mthamini_mstaafu
Binti yangu, nimekutana na akina mama kama huyo wengi, na kila tajiri hujificha nyuma yao. Dawa si ngumu: mtu mzima anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe na hana kipato, deni liandikwe kwenye hati, lisimguse akiwa hai. Likatwe siku ardhi itakapouzwa au kugawanywa. Mama anakaa na kuku wake, na kaunti haipotezi.

nyawira_wa_ngong
Hilo naweza kulimeza. Warithi ndio watapiga kelele, nikiwemo mimi.

BintiKaole
Habari za huko jamani. Nawaletea ya Tanzania mjue pa kutokwenda. Kwetu kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu 2021. Mwanzo ilikuwa 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida na 5,000 kila ghorofa, 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Kukusanya wamekusanya, maana bila umeme utalipa tu. Ila angalieni: nyumba ya chini ya vyumba viwili Mbagala na jumba la chini lenye bwawa Masaki, zote 1,500. Thamani haiulizwi. Na anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, kwa hiyo kodi ya mwenye jengo inatoka kwenye pochi yangu. Ninaambiwa nikamkate mwenye nyumba kwenye kodi ya pango. Mimi? Nimkate yule mzee?

Kuhusu mishahara, kwetu 30% ya juu inaanzia milioni moja ya Tanzania kwa mwezi. Bosi wa benki na mwalimu mkongwe wako ngazi moja.

mganda_wa_jinja
Kampala walijaribu kitu tofauti: hawakubadilisha kiwango, walibadilisha macho. Mwaka 2015 URA, mamlaka ya ushuru ya Uganda, ilianzisha kitengo cha matajiri binafsi. Kabla ya hapo watafiti walikuwa wameangalia vigogo 71 wa serikali, wengi na majengo na biashara zao, na aliyewahi kulipa ushuru wa mapato binafsi alikuwa mmoja. Kitengo kikaoanisha daftari la ardhi, mikopo ya benki na forodha, kikawaita watu kwa chai, kwa adabu. Mwaka wa kwanza kilipata zaidi ya dola milioni 5. Si pesa ya kubadilisha bajeti, lakini ni kazi ya maofisa wachache, na sheria haikuguswa. Ndugu zangu, mnapigania asilimia na majina hamna.

ughaibuni_bergen
Niko Norwe, na huu ushuru wa utajiri mnaoutaja anaulipa jirani yangu, mimi bado sijafika huko. Ni karibu 1% ya mali ukitoa deni, na 1.1% kwa walio juu kabisa. Unafanya kazi kwa sababu benki, kampuni na daftari la nyumba vyote hupeleka taarifa zenyewe. Fomu inakujia imejazwa, wewe unahakiki tu. Hata hivyo walipopandisha 2022, mabilionea kadhaa wakahamia Uswisi, akiwemo Kjell Inge Røkke. Ufaransa nao waliufuta wao 2018, na sehemu waliyobakiza ni nini? Majengo na ardhi. Mzee mthamini acheke.

Kule Brazil 2024, kwenye G20, mwanauchumi Gabriel Zucman alipendekeza mabilionea watozwe angalau 2% ya mali yao dunia nzima, ili pasiwe na pa kukimbilia. Zuri, lakini barua yako ya kurasa mbili haitalimaliza.

karani_mishahara
Swali la kijinga. Tukitoza ardhi, pesa zinaingia Hazina? Maana bajeti tunayoilalamikia ni ya Hazina.

wakili_nusu
Si la kijinga, ndilo swali lenyewe. Kifungu cha 209 cha Katiba: mapato, VAT, forodha na ushuru wa bidhaa ni vya serikali ya kitaifa. Ushuru wa ardhi na majengo ni wa kaunti. Kwa hiyo njia ya mzee haitamletea Waziri wa Fedha shilingi moja. Itakachofanya ni kuipa kaunti pesa yake, isingoje mgao huku madaktari wakigoma. Hazina ikitaka mwenye mali, imebakiwa na kodi za nyumba, faida ya mauzo na mirathi.

mwanahesabu_thika
Asanteni sana. Nilidhani nitachagua moja kati ya nne, kumbe nilikuwa naichanganya milango miwili. PAYE ya juu nimeifuta kwenye rasimu. Kwa Bunge naandika mambo matatu: mwenye milioni 12 za wapangaji asitozwe robo ya anachotozwa mwajiriwa wa milioni 12, KRA ioanishe hati za ardhi na namba za ushuru kama alivyosema wa Jinja, na mirathi mikubwa irudishiwe ushuru, mikubwa kweli, na kiwango cha kuanzia kiandikwe. Kwa kaunti naandika ya kayaba na mwalimu, pamoja na ya mama yake Nyawira.

Mzee mthamini, hesabu ya mwalimu nitaomba uniangalizie kabla sijaipeleka.

mthamini_mstaafu
Niletee. Na usiandike "matajiri" popote. Andika namba ya kiwanja.

dereva_wa_matatu
Na pale penye dari?

mwanahesabu_thika
Aya ya kwanza, dereva. Nimekunukuu bila jina.