Mdogo wangu karudi nyumbani katikati ya semista, anasema chuo basi. Tufanyeje?

Dada_Mbozi:
Wakuu, habari za humu. Naomba mnisome mpaka mwisho, kichwa kimenijaa.

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili, uhandisi wa ujenzi, chuo cha serikali Dar. Wiki iliyopita kashuka Vwawa na begi lake lote, godoro kamwachia mwenzake wa geto. Hakumwambia mtu anakuja. Kesho yake alfajiri kachukua ndoo kaingia shambani kuchuma kahawa, kama ndiyo kazi iliyomleta. Namuuliza, chuo kimefungwa? Ananijibu, "Dada, chuo basi."

Nimembembeleza mpaka akafunguka. Mzee alipata kiharusi Januari, tukamkimbiza hospitali ya rufaa Mbeya. Dogo akatutumia laki nne. Mimi nikajua ana akiba, kumbe ni boom, hela ya kujikimu ya mkopo. Bodi ya Mikopo inawapa elfu kumi kwa siku, za kula na kulala, kwa siku sitini ni laki sita. Yeye kabaki na laki mbili, humo kodi, humo chakula. Tena mkopo wake wa ada si asilimia mia, kuna laki tano na ishirini za kuongeza sisi familia, na mwaka huu hatukuongeza hata senti. Bila hiyo hela hakusajiliwa semista ya pili, na asiyesajiliwa hasaini boom. Kaendelea kuingia darasani hivyo hivyo, mlo mmoja kwa siku, mpaka walipobandika makundi ya mafunzo kwa vitendo ukutani, kasoma karatasi yote, jina lake halimo. Usiku ule ule kafungasha.

Huyu si mtoto wa kufeli. Semista ya kwanza hakuwa na sapu hata moja, yaani hakuna mtihani wa kurudia. Hela ya AMCOS, chama chetu cha ushirika, haiji leo wala kesho, kahawa ndiyo kwanza tunachuma, na UE zao, mitihani ya mwisho wa semista, ni Julai. Je, akikaa nyumbani mwaka huu nafasi yake itakuwepo? Na twende kwa nani?

Fundi_Mkuu:
Pole kwa mzee, dada. Mimi ningemwacha apumzike kabisa. Mtaani wenye digrii wamejaa, mpelekeni VETA ajifunze umeme, mwaka mmoja ana kazi mkononi.

Dada_Mbozi:
Kaka, VETA naiheshimu, mume wangu katokea huko na ndiyo inatulisha. Lakini dogo hakuchagua kuacha. Angekuwa kachoka na hesabu ningemwelewa. Huyu usiku anawasha tochi ya simu anapitia daftari la mekanika ya udongo, na mtu akilitaja neno chuo anatoka nje. Siwezi kuita hiyo kupumzika.

Mzee_wa_Taaluma:
Binti yangu, poleni kwa kuuguliwa. Nilifanya kazi ofisi ya taaluma ya chuo mpaka nikastaafu, kwa hiyo nakueleza nilichokuwa nakiona mezani.

Kuna kuahirisha masomo na kuna kutoweka. Anayeahirisha anaandika barua, inapita kwa mkuu wa idara na mkuu wa kitivo, anajibiwa kwa maandishi, nafasi yake inatunzwa. Anayetoweka, chuo hakijui kama anauguza, amekufa au ameolewa. Matokeo yakitoka hana alama, anahesabiwa kaacha masomo. Kumrudisha mtu wa namna hiyo ni safari ndefu, wengi wanaishia kuomba upya mwaka wa kwanza. Vijana wenye akili nzuri kabisa nimeona wakipotea hivyo, na barua ya ukurasa mmoja ingewaokoa.

Dogo arudi Dar wiki hii, hata kwa nauli ya kukopa. Aanze kwa Mshauri wa Wanafunzi. Huko aeleze yote, na la mlo mmoja asilifiche. Kabla ya kuzungumzia kuahirisha, aombe kwanza asajiliwe kwa ahadi ya kulipa ada kwa awamu, maana vyuo vingi vinakubali ukionyesha ushahidi. Ikishindikana ndipo aahirishe. Kisha apite kwa afisa mikopo wa chuo, Bodi ijulishwe kwamba kaahirisha, isije ikamhesabu kaacha. Na mkopo aliokwisha kuchukua ni deni hata asipomaliza. Atalilipa bila cheti.

CR_Civil:
Dada, mimi ni CR, yaani mwakilishi wa darasa, mwaka wa tatu, kozi kama ya dogo. Mtafute CR wake leo leo, amuulize kozi gani test zimeshafanyika. Kwetu koswe, yaani alama za test na kazi za darasani, ni 40 na UE ni 60, sasa kama dogo alizifanya test zote bado yuko mchezoni, asajiliwe tu. Serikali ya wanafunzi pia ina waziri wa mikopo, kazi yake ni kesi kama hizi. Sisi darasani tulimchangia mwenzetu mwaka jana, elfu tano tano, sehemu ya ada ikapatikana. Wenzake hawawezi kumchangia kwa jambo wasilolijua. Mwambieni aseme.

Dada_Mbozi:
CR wake nimempata. Test amefanya zote isipokuwa moja, na mwenzake wa geto anasema kitanda kipo. Mume wangu katoa laki mbili, nauli naitafuta kesho. Shikamoo mzee wangu, swali moja: ugonjwa ni wa baba, si wa mwanafunzi. Watakubali?

Mzee_wa_Taaluma:
Marahaba. Aandike kuwa ni matatizo ya kifamilia. Aambatishe nakala ya karatasi za hospitali na barua ya Mtendaji wa Kijiji inayoeleza kwamba mzee ndiye aliyekuwa analipa ada. Barua ya Mtendaji uichukue wewe kesho asubuhi kabla hajapanda basi. Huko chuoni kila barua atoe nakala mbili, moja aiache ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa abaki nayo.