Tupeane uzoefu: ulivuka Nile pale Jinja kwa daraja lipi?

Mtoto wa Walukuba

Wadau habari zenu. Leo naomba tuongelee madaraja ya Jinja, yale tuliyovuka wenyewe kwa mguu, kwa baiskeli, kwa taksi, kwa treni. Juzi nimetoka Kampala na mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, tulivyopanda daraja la nyaya, lile jipya, akaniuliza, "mjomba, zamani watu walikuwa wanapita wapi?" Yeye amekua analijua hilo tu.

Nikamwambia hili limefunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018. Kabla yake miaka 64 gari zote zilipita juu ya ukuta wa bwawa, lile la Owen Falls alilokuja kulifungua Malkia Elizabeth mwezi wa nne 1954, sa hivi tunaliita Nalubaale. Nyuma ya hapo kuna daraja la chuma la reli la 1931, ndo lilifanya treni ifike Kampala, maana kabla yake mzigo wa kutoka pwani ulishushwa Kisumu ukapakiwa meli mpaka Port Bell. Na nyuma ya hapo hakukuwa na daraja, watu walivuka kwa mitumbwi. Nikamwambia na yale maporomoko ya Ripon, ambayo mpelelezi Speke alisimama pale 1862 akayapa jina la Mwingereza mwenzake wakati Wasoga walikuwa nayo siku zote, yamefunikwa na maji ya bwawa hilohilo. Mtoto akanyamaza, akageuka kuangalia maji mpaka tukafika ng'ambo.

Sasa yangu. Mzee wangu alikuwa kwenye kiwanda cha nguo upande wa Njeru, ng'ambo ya mto, sisi tunakaa Walukuba, upande wa Jinja. Kila siku saa kumi na moja na nusu asubuhi yuko kwenye baiskeli. Juu ya bwawa husimami, askari wapo na bunduki, kamera ndo usithubutu hata kuitoa kwenye mfuko. Siku moja mvua inanyesha mnyororo ukamkatikia katikati kabisa, aliogopa kuinama kutengeneza, akaibeba baiskeli begani mpaka mwisho wa ukuta. Alikuja kutusimulia jioni bega limechubuka. Mimi nlikuwa darasa la tatu na mpaka leo nikipita pale nasikia ule mtetemo wa maji chini ya miguu na namuona yeye na ile Raleigh yake.

Haya leteni zenu. Hasa wenye wazee bado wako hai, waulizeni jioni hii hii.

Dereva wa Trela

Mimi nimevuta kontena Mombasa–Kampala miaka kumi na tisa. Bwawa lile tulikuwa tunalipita kwa adabu. Unatoka Malaba umechoka, unafika Jinja usiku unakuta foleni, malori ya mafuta mbele, malori ya simenti nyuma, unazima injini unasubiri. Tulikuwa tunajua kabisa lile ni ukuta wa kuzuia maji na kuzalisha umeme, barabara imewekwa juu yake, halikujengwa likifikiria trela za siku hizi. Kila nikipita na tani zangu nilikuwa nasema bismillahi na turnboy (utingo) wangu, ambaye ni Mkristo, anaitikia amina.

Wiki waliyofungua jipya nilipita asubuhi na mapema. Njia mbili kwenda mbili kurudi, hakuna kusubiri mtu. Nilipofika ng'ambo nikaegesha pembeni nikampigia simu mke wangu nikamwambia nimevuka Nile kwa dakika moja. Hakuniamini.

Mjukuu wa Reli

Asante sana kwa huu uzi, kaka wa Walukuba. Babu yangu aliajiriwa reli enzi za East African Railways, alikuwa fundi wa njia, kile Kiswahili kilichoko kwetu kimetoka kwenye reli kwa sababu kota moja ilikuwa na Mluo, Mluhya, Mganda, Mteso, na Mkamba mmoja aliyekuwa anapiga gitaa, wangeongea nini kama sio Kiswahili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, wengine wakarudi Kenya, babu akabaki Jinja.

Yeye daraja la chuma alilijua kwa masikio. Alikuwa anatembea juu ya mataruma na nyundo ndefu anagonga, akisikia mlio mbaya anajua hapo boliti imelegea. Mimi alinivusha mara moja nikiwa na miaka kama saba. Alinishika mkono akasema usiangalie katikati ya mataruma, angalia mgongo wangu. Mimi nikaangalia chini. Maji ya kijani yanakimbia, upepo unavuta gauni, miguu ikagoma kabisa nikaanza kulia, na babu hakunibeba. Alichuchumaa pale pale mbele yangu, akanihesabia taruma moja moja, moja, mbili, tatu, tukafika mia na kitu tukawa tumevuka.

Treni za abiria zilipokoma miaka ya tisini aliumia kuliko alivyoumia kustaafu. Alibaki na taa yake ya ishara, ile ya kioo chekundu na kijani, ipo kwa mama mpaka leo.

Mzee wa Bugembe

Wanangu mmeongea vizuri. Mimi niwape ya 1979, vita vya kumng'oa Amin. Kampala ilikuwa imeshaanguka tarehe 11 Aprili, sisi huku Jinja tukabaki tunasubiri kama siku kumi hivi na kila mtu anasema wanajeshi wa Amin watalipua bwawa wakiondoka. Fikirieni hilo. Bwawa likienda, daraja limeenda, umeme umeenda, na maji yote ya ziwa yanakuja kwa watu wa chini. Mama yangu alikuwa amefunga vitu kwenye shuka, vimekaa mlangoni usiku na mchana.

Tarehe 22 Watanzania wakaingia na bwawa wakalikuta zima. Tulisimama barabarani. Askari wao walitusalimia "hamjambo" na sisi tuliokuwa tunajua Kiswahili kidogo tulichojifunza sokoni tukaitikia, na mama, aliyekuwa anakiogopa Kiswahili kwa sababu aliozoea kuwasikia wakikiongea ni askari wa Amin, siku ile ndo nilimsikia mara ya kwanza anaongea Kiswahili na mtu mwenye bunduki huku anampa ndizi.

Na mtoto aliyeuliza kabla ya madaraja watu walipita wapi, mwambieni mto huu ulikuwa mlango. Buganda waliamini adui atatokea mashariki, upande wa Busoga. Askofu Hannington alikuja kwa njia hiyo 1885, akakamatwa Busoga kwa chifu Luba, akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga kabla hajavuka. Kuvuka Kiyira, ndo jina letu la Nile, halikuwa jambo dogo.

Fundi Zege

Nilifanya kazi daraja jipya 2016 mpaka 2018, upande wa kufunga nondo. Mkandarasi ni Zenitaka wa Japani na Hyundai wa Korea, mkopo mkubwa umetoka Japani. Urefu mita 525, na ile sehemu ya katikati kati ya nguzo mbili ni mita 290 na hakuna mguu wowote ndani ya maji hapo. Watu huwa wananiuliza linashikwa na nini. Nyaya. Zinatoka juu ya nguzo zinashuka katikati ya barabara, mstari mmoja tu, na tulijenga kipande huku kipande kule kutoka kila nguzo, zile pande mbili zinasogeleana juu ya mto mpaka zikakutana. Siku zimebaki mita chache nlikuwa naweza kumuona rafiki yangu wa upande wa pili anakula chapati, namwita na ananisikia, ila kumfikia mpaka nizunguke kwa bwawa. Banange, nilivyovuka pale siku ya kwanza baada ya kuungana nilipiga magoti.

Acholi Town

Samahani natoka nje ya Jinja kidogo. Sisi wa kaskazini daraja letu la Nile ni Karuma, la 1963. Walilifunga Septemba 2024 kwa matengenezo, miezi mitatu, nikazungukia Paraa ndani ya mbuga na mama mgonjwa kwenye gari. Tembo kasimama barabarani na mimi nina haraka ya hospitali. Ndo nikajua daraja ni nini.

Mama Gonja

Mimi nimesoma zote nimefurahi ila nina uchungu wangu pia. Nlikuwa nachoma gonja, zile ndizi za kuchoma, na mahindi barabara ya zamani ya kwenda bwawani miaka kumi na mbili. Foleni ya malori ndo ilikuwa soko langu. Dereva wa Trela, pengine umekula gonja yangu. Daraja jipya lilipofunguliwa kama leo, kesho yake jioni nilirudi na beseni limejaa. Ofisi moja ilituandikisha majina wachuuzi, tukaambiwa tutatafutiwa sehemu, mpaka leo. Silichukii daraja, mwanangu wa pili alizaliwa kwenye foleni ile, kwa hiyo najua maana ya njia kuwa wazi. Sa hivi nachoma Njeru karibu na stegi, wateja wapo ila wachache.

Dereva wa Trela

Mama, yule wa kitambaa cha njano mwenye jiko la rimu ya gari? Nimekula kwako sana. Ulikuwa unaniwekea na karanga.

Mama Gonja

Ndo mimi baba. Jiko bado ni lile lile.

Mtoto wa Walukuba

Mama shikamoo, Jumamosi nakuja Njeru na mpwa wangu, tuwekee gonja nne. Mjukuu wa Reli, kama mama yako ataruhusu tungepita na kwenu mtoto aione ile taa. Tutavukia bwawani kwenda, na kurudi kwa la nyaya.