Naomba ushauri: mwenye kanda anawafukuza watu kwenye baraza yetu ya kusikiliza muziki, Mikindani

Msikilizaji wa Mikindani

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wenu juu ya jambo linaloninyima raha kwa miezi mitatu sasa, na ninaomba mnivumilie niieleze habari yote, kwa sababu nikiifupisha nitaonekana ninamsema vibaya mtu ambaye kwa kweli ninampenda na kumheshimu.

Hapa Mikindani, nje kidogo ya mji wa Mtwara, tunalo kundi la wapenzi wa muziki ambao kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri hukaa kwenye baraza ya nyumba moja ya zamani, wakasikiliza nyimbo tano au sita mpaka magharibi inapokaribia. Utaratibu wetu ni mmoja tu: wimbo unapigwa mpaka mwisho bila mtu kusema neno, kisha kila anayependa anaeleza alichokisikia. Mmoja atazungumzia maneno ya mtunzi, mwingine atazungumzia solo au tumba, mwingine atakumbuka alikuwa wapi siku alipousikia mara ya kwanza redioni na nani alikuwa ameketi naye. Mimi nimejifunza mengi pale kuliko mahali pengine popote. Tulianza watu wanne, na msimu wa korosho uliopita, wakati ambapo wengi huwa mashambani, hatukupungua kumi na watano, wakiwamo wanawake watano na vijana kadhaa ambao hawajafika miaka 25.

Kanda zote tunazosikiliza ni za mzee mmoja, na deki ya kaseti pia ni yake. Anazo zaidi ya mia mbili, na nyingi alizirekodi kwa mkono wake kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, akikaa karibu na redio na kidole chake kikiwa tayari kwenye kitufe. Zimo bendi za dansi za zamani: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, Morogoro Jazz, Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, Nuta, na Mlimani Park. Bila yeye baraza hii isingekuwapo, na hilo ninalisema kwa moyo wote.

Tatizo ni kwamba mzee ameacha kuhukumu nyimbo, sasa anahukumu watu. Kijana mmoja, fundi wa pikipiki, alileta wimbo wa Harmonize, mwimbaji wa bongo fleva ambaye ni mzaliwa wa mkoa wetu huu wa Mtwara, akaomba tuusikilize kama tunavyosikiliza nyingine. Mzee aliuzima kabla dakika moja haijatimia, akasema kwamba anayeleta makelele ya namna ile mbele ya watu wazima hakupata malezi kwao. Kijana aliinamisha kichwa, akaaga kwa adabu, hakurudi tena. Wiki mbili baadaye dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alisema kwamba kwa sikio lake solo ya wimbo mmoja wa Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz, ilikuwa ndefu mno. Aliambiwa arudi jikoni, huko ndiko anakokujua. Aliondoka, na wenzake wawili wakaondoka naye. Sasa tumebaki saba, wote wanaume, na tukimaliza wimbo tunatazamana kwanza kuona nani atathubutu kuzungumza.

Mimi ndiye ninayewaita watu na kupanga viti, kwa hiyo macho yote yananitazama mimi. Nikimkanya mzee, ambaye ana umri wa baba yangu, nitakuwa nimemvunjia heshima kwenye kitu alichokijenga yeye, na huenda akazichukua kanda zake. Nikinyamaza, waliobaki nao wataondoka mmoja mmoja. Nifanyeje?

Mpiga Besi Mstaafu, Lindi

Ndugu yangu, pole sana. Nilipiga besi katika bendi ndogo kwa miaka mingi, na ugomvi wa wapenzi nimeuona kwa karibu kuliko nilivyotaka, kwa hiyo nitakuambia ninachokiamini.

Kosa la kwanza la mzee wako si yale maneno makali. Kosa la kwanza ni kuzima wimbo. Hapo alivunja utaratibu wa baraza yenu, na aliuvunja kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe, kama mpenzi wa dansi, angepaswa kulilinda kuliko mtu yeyote. Fikiria jinsi nyimbo za dansi zilivyopangwa: mwanzo unakwenda taratibu, waimbaji wanasimulia kisa chao, vyombo vya kupuliza vinaingia na kutoka, na baada ya dakika kadhaa ndipo linapokuja chemko, ambapo gitaa zinafungana, mpiga tumba anafunguka na watu waliokuwa wamekaa wanainuka. Kijana wa leo aliyezoea wimbo wa dakika tatu akiuzima wimbo wa Nuta baada ya dakika moja, hajausikia wimbo ule hata kidogo, na mzee angekuwa wa kwanza kumwambia hivyo. Basi naye hajausikia wimbo wa yule kijana. Usimwendee kwa hoja ya heshima ya vijana, maana hiyo atakujibu. Mwendee kwa hoja ya usikilizaji, ambayo ni hoja yake mwenyewe.

Jambo la pili. Wapenzi wa Msondo, yaani bendi ile ile ya Nuta iliyobadilishwa jina baadaye, na wapenzi wa Sikinde, yaani Mlimani Park, walinuniana miaka na miaka, kila upande ukidai kwamba upande wa pili haujui muziki. Lakini tazama wanamuziki wenyewe. Muhidin Gurumo alikuwa Nuta Jazz tangu 1964, mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park, mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound (OSS), na baadaye akarudi Msondo. Mwimbaji Hassan Bitchuka naye sauti yake imo pande zote mbili. Mpenzi aliyeapa kwamba hatasikiliza bendi ya upande wa pili alikuwa anaikataa sauti ile ile aliyokuwa akiilipia kiingilio juma lililotangulia. Nilipokuwa jukwaani jambo hili lilikuwa likiniumiza, kwa sababu sisi wapigaji tulikuwa tunaazimana nyuzi za gitaa huku watu wetu hawasalimiani.

Mwombe mzee apige kanda mbili, moja ya Nuta ya zamani na moja ya Mlimani Park, zote zenye sauti ya Gurumo, kisha azungumze juu ya mwimbaji badala ya bendi. Nadhani atalainika.

Kijana wa Chikongola

Kaka, kwa heshima zote, mimi naona unajisumbua. Nyimbo nyingi za zamani siku hizi zinapatikana kwenye simu. Tafuteni spika nzuri, hamieni baraza nyingine, na mwacheni mzee na kanda zake. Yule fundi alidhalilishwa mbele ya watu, na kila Jumamosi mnayoendelea kukaa pale mnamwambia kwamba mmekubaliana na aliyemdhalilisha.

Msikilizaji wa Mikindani

Mdogo wangu, maneno yako ya mwisho yamenichoma na sina pa kuyakwepa, kwa sababu siku ile na mimi nilinyamaza. Lakini kuhama sitaki. Nyimbo zinapatikana kwenye simu, ndiyo, ila kwenye simu hakuna mtu wa kukuambia kwamba usiku bendi fulani ilipokuja Mtwara alikuwa amesimama mita mbili kutoka kwa mpiga saksafoni na akaona jinsi alivyokuwa anavuta pumzi. Mzee huyu ana kumbukumbu ambazo hazimo ndani ya kanda. Ninataka yeye abaki na vijana warudi, na kama mnaona hayo mawili hayawezi kukaa pamoja, nielezeni waziwazi.

Mama wa Ligula

Mwanangu, nimeisoma habari yako na nimesoma majibu, na naona wote mmemzungumzia fundi wa pikipiki. Yule mwalimu mmempita.

Kijana alikosewa kwa kuleta wimbo ambao mzee haupendi. Mwalimu alikosewa ilhali alifanya kile hasa mlichomwalika kufanya: alisikiliza wimbo mpaka mwisho, akataja sehemu ya wimbo, akasema kwa sikio lake. Hakumtukana Mbaraka. Mtu anaweza kumpenda Mbaraka kwa dhati na bado akaona kwamba katika wimbo mmoja gitaa limechukua nafasi kubwa kuliko maneno, na anayeona kinyume chake angeweza kumwonyesha ni wapi solo ile inapogeuka na kwa nini inahitaji urefu huo. Hayo yangekuwa mazungumzo mazuri sana, nami ningependa kuwapo. Badala yake alijibiwa kwa kuambiwa yeye ni nani.

Na mzee asiseme kwamba ulikuwa utani. Sisi watu wa Kusini tunaujua utani, na kwa sababu tunaujua tunafahamu kwamba una watu wake na mipaka yake. Mtani wangu ataniambia neno zito msibani na nitacheka, kwa kuwa na mimi nina haki ya kumrudishia neno zito vilevile. Mwalimu hakuwa na haki hiyo pale. Mtu asiyeruhusiwa kujibu hataniwi.

Ushauri wangu ni kwamba maneno yaliyosemwa mbele ya watu yaombewe radhi mbele ya watu wale wale. Mzee akienda kwa mwalimu kimyakimya jioni, itakuwa ni aibu yake yeye anayoificha, na heshima ya mwalimu itabaki palepale ilipoangushwa. Wewe nawe umwombe radhi, kwa kuwa ulikuwa mwenyeji.

Mkusanya Kanda

Nitagusa upande wa kanda peke yake. Usifanye kosa la kuzinakili kwa siri ili upate nguvu ya kumkanya. Nimeona kundi lililofanya hivyo, na mwenye kanda alipogundua alijiona ameibiwa na watu aliowakaribisha nyumbani kwake.

Zinakilini pamoja naye, waziwazi. Kanda za kaseti zilizokaa miaka 40 katika hewa ya pwani huingiwa na unyevu na ukungu, utepe hunata, na sauti za juu hufifia kwanza. Deki isafishwe vichwa kwa pamba na spiriti kabla ya kila kazi, kanda izungushwe yote mbele na nyuma mara moja kabla ya kupigwa, kisha iunganishwe na kompyuta kwa waya. Kila kanda inahitaji muda wake kamili, dakika 60 au 90, huwezi kuiharakisha. Kazi hiyo inahitaji mtu mwenye macho mazuri na mikono mitulivu wa kufungua kasha na kuunga utepe uliokatika. Mnaye fundi wa pikipiki. Mfikirieni.

Mwalimu wa Historia, Masasi

Naungana na Mama wa Ligula kuhusu radhi, na ninaongeza jambo moja la kumuuliza mzee.

Kama ana umri wa baba yako, huenda alikuwa kijana mwaka 1969. Mwezi Novemba mwaka huo viongozi wa serikali walipiga marufuku jijini Dar es Salaam muziki wa soul, muziki wa Wamarekani weusi, kwa hoja kwamba unawapotosha vijana na ni kasumba ya kigeni. Na ngoma yetu ya sindimba, ambayo leo tunajivunia kila anapokuja mgeni, ilipopandishwa kwenye majukwaa ya taifa baada ya uhuru wapo walioiona kuwa ni ngoma isiyofaa machoni pa watu wa heshima. Kwa hiyo muulize, mbele ya wote na kwa nia njema kabisa: mzee, ulipokuwa na miaka 20 ulipenda nini, na wazee wako walisema nini juu ya ulichokipenda? Mwache azungumze mpaka achoke. Hilo ni swali ambalo ni yeye peke yake pale barazani anayeweza kulijibu, na nina hakika hajawahi kuulizwa.

Sikubaliani kidogo na Mpiga Besi anapouona ushindani wenyewe kuwa ni hasara. Miji yetu ya pwani ilikuwa na vyama vya ngoma ya beni, kama Marini na Arinoti, vikishindana kwa sare, kwa ngoma na kwa nyimbo za kupigana vijembe, na bado vyama hivyo vilizikana na kusaidiana. Ushindani ulikuwa na kanuni na wakuu wa kuusimamia. Baraza yenu ina kanuni moja nzuri, lakini haina msimamizi anayekubaliwa na wote, na ndiyo maana mwenye deki amekuwa hakimu. Iwe zamu: kila Jumamosi mtu mwingine anachagua nyimbo na kutoa nafasi ya kuzungumza, na mzee awe na zamu yake kama wengine.

Msikilizaji wa Mikindani

Ninawashukuru wote. Nimekwenda kwa mzee jana baada ya swala ya ijumaa, na sikwenda na mtu mwingine, ili asijione amewekwa kitako.

Nilianza na kuzimwa kwa wimbo, kama alivyoshauri Mpiga Besi. Alinikatiza, akasema wimbo ule hauna chemko. Nikamwambia kwamba hatujui kama hauna, kwa sababu hatukufika. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba deki imeanza kutafuna kanda, kwamba mwezi huu imeharibu mbili za Kilwa Jazz, na kwamba alikuwa hataki mtu ajue. Nadhani sehemu ya ukali wake inatoka hapo, ingawa hilo halimpi haki ya kumwambia mwalimu aliyomwambia, na nilimweleza hivyo. Kuhusu mwalimu hakunijibu. Nitarudi tena kwa jambo hilo, na kabla ya yeye kwenda kwa mwalimu nitakwenda mimi, maana Mama wa Ligula amesema kweli juu yangu.

Nilipokuwa naaga aliniuliza kijana yule wa pikipiki ana karakana yake wapi. Nilimwelekeza. Leo asubuhi nimepita pale, nikaiona deki juu ya meza ya fundi, imefunguliwa kifuniko, na mzee ameketi kwenye benchi la wateja akimshikia kijana bisibisi.