Kiuno kinakufa kila nikipalilia, mnafanyaje?

MchichaTu: Wakuu habari, nina kabustani ka mchicha na bamia nyuma ya nyumba, sasa kila nikipalilia jioni yake kiuno hakinyooki kabisa, jembe lenyewe la mpini mfupi. Ni uzee au?

BabuShamba: Uzee wapi, ni huo mpini. Mpe fundi akuchongee mrefu unaokufika kifuani hivi, ulime umesimama. Kule California jembe la mpini mfupi lilipigwa marufuku mashambani 1975 sababu vibarua walikuwa wanaharibika migongo, sisi huku bado tunainama tu

dadaK: Na maji unabebaje? Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na zote upande mmoja, bora madumu mawili ya lita 10 kila mkono lake, na ukinyanyua kunja magoti

MchichaTu: Duh, kumbe. Mi hubeba ndoo mkono mmoja 😅

Kijana_wa_Gambuti: Nje ya mada kidogo, vaeni viatu jamani. Ukichomwa na msumari wenye udongo osha kidonda kwa sabuni, nenda zahanati wakucheki kama unahitaji sindano ya pepopunda, usingoje kivimbe