Tupeane uzoefu: mliowahi kutathmini huduma jumuishi za afya, mlipima nini hasa?

Habari wadau. Kila mradi wa kuunganisha huduma ninaoitwa kuutathmini, kwenye ripoti huduma zimeungana. Ukimuuliza mgonjwa, bado anazunguka. Naanza na la kwangu.

Kliniki moja iliunganisha VVU, presha na kisukari. Ripoti ilionyesha karibu kila aliyestahili kapewa rufaa ya ndani, yaani kutumwa chumba kingine hapohapo kliniki. Nikaweka rejesta mbili mezani, ya chumba kinachotoa rufaa na ya kinachopokea, nikafuata namba za kadi kwa kidole, moja moja. Nyingi hazikuwepo upande wa pili. Kumbe tiki iliwekwa pale mgonjwa anapoonyeshwa mlango. Akikuta foleni nyingine, anaondoka zake. Muuguzi hana kosa. Fomu ilimuuliza kama ametoa rufaa, haikumuuliza kama mtu kafika.

Avedis Donabedian, mtafiti wa ubora wa huduma za afya, alishatuelekeza tangu 1966 tuangalie muundo, mchakato na matokeo. Wengi wetu tunaishia kwenye muundo: chumba kipo, mratibu kaajiriwa, basi. Nyie je?

Mtakwimu:
Sisi tulikosea kwenye kulinganisha. Tulichukua wagonjwa waliolazwa mara kwa mara, kila mmoja akapewa mratibu wa kumfuatilia. Miezi sita baadaye kulazwa kukapungua sana, tukafurahi. Halafu mwenzetu akaangalia waliokuwa bado wanasubiri kuingizwa kwenye mpango: nao wamepungua karibu vilevile. Mtu ukimchukua akiwa kwenye kipindi chake kibaya kuliko vyote, mara nyingi atapata nafuu hata usipomgusa. Someni jaribio la mpango wa aina hiyohiyo la Camden, New Jersey, Marekani, lililochapishwa 2020. Wagonjwa 800 waligawanywa kwa bahati nasibu. Ndani ya siku 180 walirudi kulazwa asilimia 62.3 ya waliokuwa kwenye mpango na asilimia 61.7 ya wasiokuwamo. Bila kundi la pili wangeamini kabisa kwamba mpango ndio uliopunguza kulazwa. Nasisitiza hili kwa sababu maamuzi ya kupanua miradi mara nyingi hufanywa kwa takwimu za kabla na baada tu.

Muuguzi wa zamu:
Kwetu walileta TB na VVU chumba kimoja. Kwa mgonjwa mwenye yote mawili ni nafuu kubwa, safari moja badala ya mbili. Lakini wanaokohoa na wenye kinga dhaifu walikaa benchi moja, dirisha limefungwa. Wakaguzi walikuja mara mbili, wakahesabu waliopimwa, wakaondoka. Benchi hawakuliangalia.

Anayeuguza:
Mimi si mtaalamu, namuuguza mama mwenye kisukari na figo. Kipimo changu ni kimoja: ameeleza historia yake mara ngapi siku hiyo? Siku moja alieleza mara nne, na dawa aliyokatazwa kwa sababu ya figo akaandikiwa tena chumba cha tatu. Nashukuru niliiona kabla hajaimeza.

Mwanzisha mada:
Pole sana kwa mama. Hilo swali lako naliingiza kwenye dodoso langu lijalo. Muuguzi, mlifanyaje kuhusu benchi?

Muuguzi wa zamu:
Tulichukua karatasi na saa ya ukutani. Siku tano tuliandika anayekohoa kaingia saa ngapi, kaitwa saa ngapi. Tukampelekea mganga mfawidhi ile karatasi yenyewe. Sasa wanaokohoa wanaitwa kwanza, na wanasubiri nje.